Kuzaliwa na Kufa kwa Sauti

Kila chenye uhai huzaliwa, hukua, hudumu kwa muda wake, kisha hufa. Jambo hili li wazi kwa mtu, kwa mnyama na kwa mti. Lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa sauti nayo ina maisha yake. Uzi ukivutwa kwa kidole ukaachiwa, sauti huzaliwa ghafla, hufika kimo chake, hupungua, kisha hutoweka. Maisha hayo ni mafupi mno, hata sikio huyapokea bila kuyahesabu. Walakini ndani ya muda huo mfupi mna siri kubwa: ndimo sikio linamotambua kama kilicholia ni uzi, ngoma, kengele au koo la mwanadamu. Insha hii, msomaji, yataka kukusimulia jinsi wanadamu walivyoifumbua siri hiyo, jinsi walivyoitia ndani ya chombo cha umeme, na kwa nini habari hii yakuhusu wewe ukaaye mbali na miji ambamo vyombo hivyo viliundwa.

Natuanzie Uriri. Huu ni mji mdogo katika kaunti ya Migori, nchini Kenya, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania mpakani mwa Tanzania. Ukitoka Awendo, penye kiwanda cha sukari, utapita Uriri kabla hujafika mji wa Migori. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo wa Kanyamkago, nao, kama Wajaluo wenzao wa Migori na Homa Bay, wamerithi vyombo viwili vya nyuzi vitakavyotufaa sana katika somo letu. Cha kwanza ni nyatiti, na cha pili ni orutu.

Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane. Bakuli lake ni la mti, limewambwa ngozi ya ng'ombe; na nyuzi zake hapo kale zilikuwa za kano za ng'ombe, ingawa siku hizi aghalabu ni za nailoni, kama zile za wavuvi wa Ziwa Viktoria. Mpigaji, aitwaye jathum, huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kikiwa chini mbele yake, akavuta nyuzi nne kwa mkono wa kuume na nne kwa mkono wa kushoto. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, nayo huigonga ukingoni mwa chombo ili kushika mwendo. Na mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Orutu, kwa upande wake, ni fidla ya uzi mmoja tu. Mpigaji huusugua uzi huo kwa upinde mdogo, na vidole vya mkono wa pili huubana ili kupandisha au kushusha sauti.

Sasa fikiri kwamba wapigaji wawili, mmoja wa nyatiti na mmoja wa orutu, wamepatana kutoa sauti moja: kimo kile kile na nguvu ile ile. Wewe umefumba macho. Je, utashindwa kujua ni nani aliyepiga? Hata mtoto mdogo aliyelelewa penye vyombo hivyo hatashindwa. Sehemu moja ya jibu ni rangi ya sauti, yaani ile mitetemo midogo iandamanayo na mtetemo mkuu. Lakini sehemu nyingine, ambayo aghalabu husahauliwa, ni umbo la sauti katika wakati. Sauti ya nyatiti huruka mara moja mpaka kileleni, kisha huanza kufa papo hapo, kwa kuwa kidole kimekwisha uacha uzi na hakuna kinachoulisha tena. Sauti ya orutu huamka kwa upole kidogo, kisha hudumu maadam upinde ungali unakwenda. Upinde ukikoma, nayo hukoma.

Wataalamu wa sauti huligawa umbo hilo katika mambo manne. La kwanza ni kupanda: muda ambao sauti huutumia kutoka kimya hadi kilele. La pili ni kushuka: muda wa kutoka kileleni hadi kwenye kimo cha kutulia. La tatu ni kukaa: kimo chenyewe ambacho sauti hukishikilia maadam mpigaji hajaacha. La nne ni kuzimika: muda wa kutoka hapo hadi kimya tena. Angalia vema ya kuwa matatu kati ya hayo ni vipimo vya wakati, na moja tu, yaani kukaa, ni kipimo cha kimo. Mwanafunzi asipoishika tofauti hiyo atapotea mapema. Umbo lote pamoja huitwa bahasha ya sauti, kwa sababu huizunguka sauti nzima kama bahasha iizungukavyo barua.

Kwa maelfu ya miaka hapana mtu aliyeweza kuitenga bahasha na chombo chake. Aliyetaka sauti ifayo upesi alitengeneza ngoma. Aliyetaka sauti idumuyo alitengeneza zumari au fidla. Umbo la sauti lilikuwa limefungwa katika mti, ngozi na uzi, nao mafundi wa zamani waliyajua mambo hayo kwa mikono yao ingawa hawakuyaandika. Mjaluo aliyewamba ngozi ya kenge juu ya ngoma ya ohangla alikuwa akichagua sauti yake izaliwe na ife vipi. Hakuiita bahasha, lakini alikuwa akiitengeneza.

Mambo yalianza kubadilika sauti ilipoweza kunaswa na kuhifadhiwa, kwa maana kilichonaswa kinaweza kukatwa. Ni vema tujue ya kuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuifanya kazi hiyo alikuwa Mwafrika. Mwaka 1944, huko Kairo, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kunasia sauti kwenye waya wa chuma, akaenda kuzinasa sauti za wanawake katika sherehe ya zaar, ambayo mtu wa pwani yetu angeifananisha na ngoma za kupunga pepo. Kisha aliirudia kazi yake katika studio ya redio. Aliziondoa sauti za chini, akaziacha zile nyembamba za juu, akazipitisha katika vyumba vyenye mwangwi, hata sauti za wale wanawake hazikutambulikana tena. Jambo alilolionyesha ni kubwa: sauti si kitu kimoja kisichogawanyika; ina sehemu, na sehemu zaweza kutengwa.

Miaka minne baadaye, mwaka 1948, mhandisi wa redio ya Ufaransa aitwaye Pierre Schaeffer alifanya jaribio lililoigusa bahasha yenyewe. Aliinasa sauti ya kengele kwenye sahani ya santuri, lakini aliiacha nje ile sehemu ya mwanzo, yaani pigo la chuma juu ya chuma, akainasa ile iliyofuata tu. Tena aliirekebisha nguvu yake isipungue upesi. Alipoisikiliza, kengele haikuwako. Aliisikia kama sauti ya obo, chombo cha Kizungu cha kupuliza ambacho ni ndugu wa zumari yetu. Chuma kilikuwa kile kile na mtetemo ule ule. Kilichobadilika ni kuzaliwa kwa sauti na kudumu kwake. Basi ikawa dhahiri ya kuwa sikio humtambua mgeni kwa namna abishavyo hodi, kabla hata hajaingia ndani.

Tuwarudie sasa wale waliokuwa wakijaribu kuizalisha sauti kwa umeme mtupu, bila uzi wala ngozi. Hao walikuwa na taabu ya namna nyingine. Mtetemo wa umeme haujui kuzaliwa wala kufa. Ukiwashwa, huwapo wote kwa mara moja; ukizimwa, hutoweka wote kwa mara moja. Kati ya hapo hulia sawasawa, bila kuchoka na bila kupumua, kama mluzi wa mtu asiye na mapafu. Sauti ya namna hiyo humchosha msikilizaji upesi.

Watu walijaribu dawa mbalimbali. Mrusi Leon Theremin, karibu na mwaka 1920, aliunda chombo kisichoguswa: mkono mmoja angani uliongoza kimo cha sauti, na mkono wa pili uliongoza nguvu yake. Hapo bahasha ilichorwa na mkono wenyewe, nao ulihitaji mafunzo ya miaka. Kinanda cha Hammond, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, kilikuwa na magurudumu yaliyozunguka daima, na kibao kilipobonyezwa kilifungua njia tu. Sauti haikuzaliwa, bali ilifunguliwa mlango. Mwaka 1939 kampuni hiyo hiyo ilitoa kinanda kikubwa kilichoitwa Novachord, chenye vali 163, nacho kiliweza kuzipa sauti zake miinuko na miporomoko ya namna kadhaa. Lakini kilikuwa kizito na cha taabu, na uundaji wake ulikoma baada ya miaka michache.

Hatua iliyoyapita yote ilikuja mwaka 1964 katika kijiji cha Trumansburg, jimbo la New York. Huko alikaa mhandisi aitwaye Robert Moog, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiunda na kuuza vyombo vya namna ile ya Theremin. Katika majira ya joto ya mwaka huo alimpokea mtunzi na mwalimu wa muziki, Herbert Deutsch, nao wakafanya kazi pamoja. Moog alikuwa na wazo moja lenye nguvu: kila jambo katika chombo liongozwe na volti ya umeme. Volti ikipanda, kimo cha sauti kipande. Volti nyingine ikipanda, nguvu ya sauti iongezeke. Ikiwa ni hivyo, yeyote awezaye kuichora volti aweza kuichora sauti.

Deutsch alifurahi, lakini aliona upungufu. Sauti za chombo kile hazikuwa na matamshi. Hazikuanza wala kwisha kama zile za mtu apigaye piano au fidla. Moog alimtuma dukani, ng'ambo ya barabara, akanunue kitufe cha kengele ya mlangoni. Kitufe kilipoletwa, Moog alikiunganisha na kapasita, ili kikibonyezwa umeme ujae, na kikiachiwa umeme utoke pole pole. Volti iliyopanda na kushuka hivyo ndiyo iliyoamrishwa kuiongoza nguvu ya sauti. Kwa kitu kidogo kama hicho, kinachouzwa katika duka la misumari na kufuli, sauti ya umeme ikapata kuzaliwa na kufa.

Ewe unayejifunza fizikia, usiipite habari hii upesi, kwa maana yote yamo katika vitabu vyako. Kapasita ni kama pipa, na rezista ni kama bomba jembamba liliingizalo maji. Bomba likiwa pana, pipa hujaa upesi. Likiwa jembamba, hujaa pole pole. Chukua kapasita ya mikrofaradi 1 na rezista ya ohm 100,000. Zidisha moja kwa nyingine, nawe utapata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Huo ndio muda ambao kapasita huutumia kufika karibu asilimia 63 ya volti inayoijaza. Badili rezista, weka ya ohm 1,000,000, na muda huo huwa sekunde nzima. Kitufe cha kuzungusha kilicho mbele ya chombo si kingine ila rezista ibadilikayo. Mpigaji akizungusha, anapanua au kubana bomba. Na kwa kufanya hivyo anachagua sauti yake izaliwe kwa haraka ya ngoma au kwa upole wa upinde.

Mwaka 1965 Vladimir Ussachevsky, mkuu wa kituo cha muziki wa umeme cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, alimwagiza Moog amtengenezee vifaa, akaeleza wazi mambo anayoyataka: muda wa kupanda, muda wa kushuka kwa kwanza, kimo cha kukaa na muda wa kuzimika. Inapendeza kujua kwamba kituo hicho hicho ndicho kilichompokea Halim El-Dabh mwaka 1959, miaka kumi na mitano baada ya kazi yake ya Kairo. Kampuni ya ARP, iliyoanzishwa mwaka 1969, iliyapa mambo hayo manne majina mafupi, na vichwa vya majina hayo vimeandikwa juu ya vinanda vya umeme tangu siku hizo hata leo.

Chombo cha Moog hakikuwa kinanda kimoja kilichofungwa. Kilikuwa kabati la vipande vingi, au moduli, kila moduli na kazi yake: moja ya kutoa mtetemo, moja ya kuchuja, moja ya kukuza, moja ya kuunda bahasha. Mpigaji mwenyewe aliziunganisha kwa nyaya. Chombo cha namna hii huitwa sintesaiza ya moduli. Faida yake kubwa ni kwamba volti ya bahasha haifungwi na kazi moja. Ukiipeleka kwenye amplifaya, huongoza nguvu. Ukiipeleka kwenye kichujio, huongoza rangi. Ukiipeleka kwenye moduli ya mtetemo, huongoza kimo cha sauti.

Tutazame mfano wa karibu nasi. Mtu atakaye kuikaribia sauti ya nyatiti katika sintesaiza yampasa aweke kupanda kuwe kwa mara moja, kushuka kuwe kwa wastani, na kukaa kuwe sifuri. Kwa maana uzi ulioachwa na kidole hauna kimo cha kutulia. Kisha aipeleke bahasha hiyo katika kichujio pia, kwa sababu uzi huanza kwa sauti angavu yenye ukali, na ukali huo hufa kabla ya sauti yenyewe. Atakaye orutu ataweka kupanda kuwe kwa upole, kukaa kuwe juu, na kuzimika kuwe kwa upesi. Atakaye ngoma ataweka kupanda na kushuka kuwe kwa haraka, kisha ataipeleka bahasha katika kimo cha sauti pia, ili sauti ishuke kidogo baada ya pigo, kama ifanyavyo ngozi iliyopigwa kwa nguvu. Lakini yamkini pia kuamuru sauti ipande pole pole kisha ikatike ghafla. Hakuna uzi wala ngozi duniani iwezayo kufanya hivyo yenyewe. Hapo chombo huwa kimekoma kuiga, kimeanza kusema maneno yake chenyewe.

Mpaka hapa huenda msomaji akauliza: Haya yote yanamhusu nini mtu wa Uriri, ambaye kabati la Moog hajaliona? Jibu liko katika muziki anaousikia kila siku. Chombo hicho kilizaa watoto, na watoto hao wamefika kwetu. Mwaka 1970 Moog alitoa kinanda kidogo kisichohitaji nyaya za kuunganisha, kilichoitwa Minimoog. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa DX7, kinanda cha dijiti chenye sauti 32 zilizohifadhiwa ndani yake tayari. DX7 iliuzwa kwa maelfu mengi duniani. Bahasha zilikuwamo ndani, tena nyingi. Lakini kuzibadili kulikuwa kazi ngumu, hata wapigaji wengi walitosheka kubonyeza namba na kuitumia sauti kama ilivyotoka kiwandani. Vinanda vilivyofuata, vya bei nafuu, vilizidisha desturi hiyo. Mamia ya sauti yamo ndani, na mengi ya maisha ya sauti hizo yamekwisha amuliwa na mtu aliye mbali.

Vinanda hivyo ndivyo vilivyoingia katika sherehe na studio zetu. Tangu miisho ya karne ya 20, kinanda cha umeme kimekuwa chombo cha kawaida katika ohangla, nacho mara nyingi kimekalia kiti cha orutu au cha vyombo vingine. Mtu asikilizaye kwa makini atatambua mabadiliko. Nyimbo ni za Kijaluo, mwendo ni wa Kijaluo, na pakruok, yaani majigambo ya kujisifu katikati ya wimbo, yangaliko. Lakini kinandani, sauti nyingi huzaliwa na kufa kwa kanuni iliyowekwa na fundi asiyepata kusikia nyatiti.

Wako wasemao dawa ni kukikataa kinanda. Historia haiwaungi mkono. Katikati ya karne ya 20 gita liliingia Nyanza, nalo halikuwa chombo cha Kijaluo. Wapigaji wa huko hawakulikataa, wala hawakulipiga kama walivyolikuta. Waliyahamishia katika nyuzi zake sita yale mapigo ya nyatiti: sauti kali, fupi, zifuatanazo mbio, moja ikikaribia kufa nyingine imekwisha zaliwa. Hivyo ndivyo benga ilivyopata sura yake. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940, si mbali na mpaka wa Migori, akafa mwaka 2006, aliieneza namna hiyo mbali sana kwa bendi yake ya Shirati Jazz. Chombo kilikuwa cha kigeni. Lakini bahasha, tukitumia neno letu jipya, ilikuwa ya nyumbani. Waliweza hivyo kwa sababu kidole kilikuwa chao. Katika gita, kidole ndicho kinachoamua jinsi sauti itakavyozaliwa na lini itanyamazishwa.

Hapa ndipo penye hatari ya kinanda kilichotiwa sauti tayari. Kinanda cha namna hiyo hukipa kidole uwezo mdogo: kuchagua kibao, kukibonyeza na kukiacha. Umbo la sauti limefichwa nyuma ya kifuniko, na mpigaji asiyejua ya kuwa liko hawezi kulidai. Si kwamba amekatazwa. Hajui kwamba kuna kitu cha kuomba. Nyatiti yaweza kusahaulika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutopigwa tena, nayo kila mtu huiona na kuilalamikia. Ya pili ni kwamba masikio ya vijana yazoee kuzaliwa kwa sauti kwa namna moja tu, hata wakiisikia nyatiti waione kuwa na kasoro. Hii ya pili haina kilio, nayo kwa sababu hiyo ni mbaya zaidi.

Yuko mtu wa Afrika Mashariki aliyetuonyesha njia nyingine. Brian Bamanya wa Uganda, ajulikanaye katika muziki kwa jina la Afrorack, alipendezwa na sintesaiza za moduli, lakini aliziona bei zake kuwa kubwa mno. Badala ya kungoja, alijifunza michoro ya sakiti, akatafuta rezista, kapasita na vipande vingine, akajiundia moduli zake moja baada ya moja hata akapata chombo kizima, ambacho hutajwa kuwa miongoni mwa vya kwanza vya namna hiyo kuundwa nyumbani Afrika. Mwaka 2022 alitoa albamu yenye jina hilo hilo la Afrorack, kwa lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Tazama jinsi historia ilivyojirudia: Trumansburg kilitumika kitufe cha kengele ya mlangoni, na Kampala vikatumika vipande vilivyopatikana kwa mwenye subira ya kutafuta. Elimu ile ile ya pipa na bomba iliwatosha wote wawili.

Basi, msomaji, faida ya habari hii ni nini? Kwanza, fizikia ya darasani na muziki wa arusini si walimwengu wawili. Mwanafunzi anayekokotoa muda wa kapasita kujaa anakokotoa pia muda wa sauti kupanda, ingawa mtihani haumwambii hivyo. Pili, kila chombo kina maamuzi ya mtu ndani yake, na yampasa akitumiaye ayatafute maamuzi hayo. Ukikutana na kinanda cha umeme, kanisani au shuleni, usitosheke na namba za sauti zilizoandikwa juu yake. Tafuta ndani ya orodha zake yale mambo manne: kupanda, kushuka, kukaa, kuzimika. Vinanda vingi vinayo, hata kama vimeyaficha. Yageuze moja moja, usikilize, uandike ulichosikia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kabla hujageuza chochote nenda ukawasikilize wenye nyatiti na orutu maadam wangaliko. Usisikilize wimbo tu; sikiliza sauti moja, peke yake, tangu kidole kiguse uzi hata kimya kirudi. Uliza kwa nini nyuzi za nailoni zilie tofauti na za kano. Uliza kwa nini pete ya mguuni igonge ukingo wala si katikati ya ngozi. Wenye vyombo hivyo huenda wasikujibu kwa volti na ohm, lakini watakujibu kwa mikono yao, na majibu yao ni elimu iliyokusanywa na vizazi vingi.

Fundi wa mbali hawezi kukuwekea katika chombo chake sauti asiyoijua. Anayeijua ni wewe, nawe ukiisha zijua pande zote mbili, ya uzi na ya umeme, huna haja ya kumwomba ruhusa. Utakuwa kama wale wapigaji wa benga wa kwanza, waliolipokea gita la wageni wakalifundisha lugha ya mama zao.